Kufunga Tanga la Mbele: Ufafanuzi kwa Wamiliki na Manahodha wa Mashua Ndogo

Kufuatia malalamiko yanayozidi kuongezeka kuhusu mashua ndogo zinazoshindwa kupiga bisha, yaani kusonga mbele kinyume cha upepo kwa kwenda mshazari, wakaguzi wa vyombo tunapenda kufafanua kwamba mara nyingi kasoro haiko kwenye umbo la mashua wala uchakavu wa tanga, bali kwenye namna tanga la mbele lilivyofungwa kabla ya kutwekwa, yaani kupandishwa mlingotini. Bado wapo wanaoliona kuwa tanga la nyongeza, linaloweza kufungwa vyovyote. Dhana hiyo si sahihi, na inahatarisha watu.

Kabla ya tanga lenyewe, kagueni waya unaoshikilia mlingoti kutoka omo, yaani sehemu ya mbele ya mashua. Pini yake ya chini lazima ifungwe kwa kipini cha usalama kilichokunjwa ncha, kwa kuwa pini ikichomoka mlingoti unaweza kuanguka nyuma juu ya waliomo. Mkaguzi huigusa pini hiyo kwa mkono. Akikuta msumari au kipande cha waya badala ya kipini, huandika kasoro, huzuia mashua isiondoke, na zuio haliondolewi mpaka mmiliki aombe ukaguzi wa pili na mkaguzi ajiridhishe kwa macho yake. Kusema kwamba msumari huo umekaa hapo miaka yote bila tatizo hakubadilishi uamuzi.

Pembe ya goshi, yaani pembe ya chini ya mbele ya tanga, hufungwa kwanza pale omo, kisha vibanio huvishwa kwenye waya kutoka chini kwenda juu, vyote vikitazama upande mmoja. Pembe iliyo nyembamba kuliko zote ndiyo ya juu. Tunalazimika kulisema hili kwa sababu matanga yaliyogeuzwa juu chini hayajaisha. Kabla ya kufunga kamba ya kutwekea, tazameni juu mhakikishe haijazunguka waya. Kamba mbili za demani, yaani za kulivuta na kulilegeza tanga, zifungwe kwenye pembe ya nyuma kwa fundo la kitanzi kisichokaza, zipitishwe kwenye makapi yake (vigurudumu vya kupitishia kamba), na kila mwisho upigwe fundo lenye umbo la tarakimu nane ili kamba isichomoke tanga linapopigapiga.

Twekeni omo ikiwa imeelekea upepo na kamba za demani zikiwa zimelegezwa. Mikunjo ya kulala kwenye ukingo wa mbele huonyesha kwamba kamba ya kutwekea haijakazwa vya kutosha, na mkunjo mrefu uliosimama sambamba na ukingo huo huonyesha kwamba imekazwa kupita kiasi. Mashua ikishaanza kwenda bisha, mwelekezeni msukani taratibu kuukaribia upepo: sehemu ya juu ya tanga ikianza kupepea kabla ya ile ya chini, kapi lisogezwe mbele, ikianza ya chini, lirudishwe nyuma. Wengi hukimbilia kununua tanga jipya bila kujaribu hatua hii, ambayo haina gharama yoyote.

Kanuni ya 5 ya Kanuni za Kimataifa za Kuzuia Migongano Baharini za 1972 inakitaka kila chombo kiwe na uangalizi wa kutosha wakati wote, kwa macho na kwa masikio, nayo haisamehe mashua kwa udogo wake. Tanga linalogusa sitaha huficha upande wote wa demani, yaani upande upepo unakoelekea. Mkiona limeziba, ongezeni kipande kifupi cha kamba imara kwenye pembe ya goshi ili tanga lipande, na mkumbuke kulirudisha kapi nyuma kidogo, kwa kuwa pembe ya kamba za demani itakuwa imebadilika.