Kupandikiza uboho kwa selimundu: pimeni watoto wote

Kupima ulinganifu wa tishu ni nini?
Ni kusoma jeni za HLA katika DNA ya mgonjwa na ya ndugu zake. Kwa jeni hizo kinga ya mwili hujua kipi chake, kipi kigeni.

Mgonjwa ni kundi O. Dada yake O, kaka yake B. Tumlete dada tu?
Hapana. Leteni wote. HLA iko kwenye kromosomu ya 6, kundi la damu kwenye ya 9. Kila kimoja hurithiwa kivyake. Uboho hupandikizwa hata makundi yakitofautiana, na baadaye mgonjwa huchukua kundi la aliyemtolea. Kila ndugu wa baba na mama mmoja ana nafasi 1 kati ya 4 ya kulingana kikamilifu. Mnamwacha kaka nyumbani, kumbe ndiye.

Lakini dada amefanana naye sana.
Sura haipimi HLA. Kundi la damu halipimi HLA. Pimeni wote.

Kaka ni AS (ana jeni moja tu ya selimundu), anafaa?
Ndiyo. Asiyefaa ni SS, yaani mwenye selimundu yenyewe.

Sisi wazazi si watoaji, damu yetu ya nini?
Kila jeni ina nakala mbili, ya baba na ya mama, na mara nyingi mashine huzisoma zikiwa zimechanganyika. Tuseme sehemu moja ina herufi za DNA A na G (si makundi ya damu), mbele yake kuna C na T. Je, A inakaa na C au na T? Jozi mbili tofauti kabisa za jeni zinaweza kutoa jibu hilo hilo, kwa hiyo lazima nakala zitenganishwe. Zipo mashine zinazosoma kipande kirefu mfululizo, lakini sampuli za wazazi huonyesha wazi ipi imetoka wapi. Tukikosea, seli za mtoaji zinaweza kushambulia ngozi, ini na utumbo wa mgonjwa. Na kama watoto wamechangia mzazi mmoja tu, tuambieni mapema, faraghani. Hatupo kuamua ndoa za watu.

Tusubiri akue kwanza?
Msisubiri. Kila anapoongezewa damu anaweza kujenga kingamwili zaidi dhidi ya seli za watu wengine, na viungo vinazidi kuharibika. Damu ya ndugu wa karibu asiwekewe kabla hamjazungumza na daktari. Na jamani, yule wa kundi B naye aje.