Akira Endo, ukungu wa mchele na vidonge vya kolesteroli: maswali na majibu

Daktari ameniandikia atorvastatini ya kushusha kolesteroli. Dawa hii asili yake ni nini?

Ukungu. Atorvastatini yenyewe hutengenezwa kiwandani, lakini inafanya kazi ileile ya kitu alichokipata Mjapani Akira Endo mwaka 1973 kwenye ukungu wa bluu-kijani uliotoka kwenye sampuli ya mchele kutoka duka la nafaka la Kyoto. Dawa zote za jamii hii huitwa statini.

Alijuaje kwamba atafute kwenye ukungu?

Endo alizaliwa mwaka 1933 katika familia ya wakulima huko Akita, kaskazini mwa Japani, na tangu utotoni alimhusudu Alexander Fleming, mgunduzi wa penisilini. Katika kampuni ya dawa ya Sankyo alianza na vimeng'enya vya ukungu vya kusafishia juisi ya matunda. Mwaka 1966 akaenda New York kwa miaka miwili, na huko akashangazwa na wingi wa watu wanene na wagonjwa wa moyo.

Aliporudi alijiuliza hivi: vijidudu vingi haviishi bila kolesteroli au mafuta ya jamii yake, basi huenda kuna ukungu unaojilinda kwa kuwazuia maadui zake wasiyatengeneze. Yeye na wenzake wakapima takriban aina 6,000 za vijidudu, mmoja baada ya mwingine, hadi wakapata walichokiita kompaktini.

Kwa hiyo dawa ikafika hospitalini moja kwa moja?

Wapi! Panya walipewa, kolesteroli yao haikushuka. Wakubwa wa kazi wakaona mradi umekufa. Kumbe tatizo lilikuwa panya: kolesteroli mbaya, yaani LDL, ni kidogo sana katika damu yao, na ini lao hufidia upesi linapozuiwa. Mwaka 1976 Endo alikutana baa na mwenzake aliyekuwa na kuku wa mayai wa utafiti, akamwomba awajaribie. Kuku anayetaga hutengeneza kolesteroli nyingi kwa ajili ya kiini cha yai. Ikashuka karibu nusu.

Mwaka 1978 daktari wa Osaka alimpa dawa hiyo msichana wa miaka 18 aliyerithi kolesteroli ya juu kupita kiasi. Lakini mwaka 1980 Sankyo ikasimamisha kompaktini kwa hofu ya uvimbe uliodhaniwa kuwa wa saratani ulioonekana kwa mbwa waliopewa dozi kubwa mno. Kwa maoni yangu hofu yenyewe haikuwa ya kijinga. Dawa ya kumezwa miaka mingi lazima ichunguzwe hivyo. Kampuni ya Merck ya Marekani ndiyo iliyotangulia sokoni na statini yake, lovastatini, mwaka 1987.

Ubishi kama statini kweli huokoa maisha ulipungua sana mwaka 1994, baada ya utafiti wa nchi za Skandinavia uliofuatilia wagonjwa wa moyo 4,444 kwa zaidi ya miaka mitano. Katika nusu iliyopewa vidonge visivyo na dawa walikufa 256. Katika nusu iliyomeza simvastatini, statini nyingine, 182.

Si niache tu mayai na nyama ya mafuta?

Punguza mafuta, ndiyo, lakini sehemu kubwa ya kolesteroli hutengenezwa na ini lako mwenyewe. Statini hupunguza utengenezaji huo. Ini likipungukiwa huongeza vipokezi vya kunasa LDL kutoka kwenye damu. Vipokezi hivyo viligunduliwa na Michael Brown na Joseph Goldstein, waliopata Tuzo ya Nobel mwaka 1985. Endo hakuwahi kuipata.

Na usidanganywe na chupa iliyoandikwa "haina kolesteroli". Mafuta ya mimea hayana kolesteroli ya maana tangu mwanzo. Ya nazi na ya mawese, hata hivyo, yana mafuta mengi ya aina inayopandisha LDL.

Mtandaoni wanauza mchele mwekundu wa Kichina uliochachushwa, wa kushusha kolesteroli, wanasema ni wa asili na hauna madhara.

Mwaka 1979, akiwa amekwishahamia chuo kikuu, Endo alipata kwenye ukungu wa jamii inayochachusha mchele huo kitu alichokiita monakolini K. Ni lovastatini ileile! Tofauti ni kwamba kwenye mchele hujui umemeza kiasi gani, na madhara yanaweza kuwa yaleyale.

Nikianza kumeza statini niangalie nini?

Maumivu ya misuli yasiyo na sababu, hasa ukiona mkojo mweusi kama chai ya rangi: nenda hospitali siku hiyohiyo. Ukiwa mjamzito au unapanga kushika mimba, mwambie daktari kabla hujaanza. Usiache ghafla kwa sababu jirani kaacha. Balungi huongeza nguvu ya simvastatini mwilini hadi ikawa hatari, kwa hiyo liepuke. Simvastatini humezwa jioni, kwa kuwa ini hutengeneza kolesteroli zaidi usiku. Atorvastatini hukaa mwilini muda mrefu, hivyo imeze saa yoyote utakayoikumbuka kila siku.