Je, wajua kwa nini gereza la Alcatraz lilifungwa?

Wengi hudhani lilifungwa kwa sababu Frank Morris na ndugu wawili, John na Clarence Anglin, walitoroka Juni 1962 wasionekane tena. Lakini uamuzi ulishafanywa kabla ya hapo. Kilicholimaliza ni chumvi na gharama.

Alcatraz ni mwamba mkavu ndani ya ghuba ya San Francisco, kilomita 2 hivi kutoka mjini, na hauna maji ya kunywa yasiyo na chumvi. Jeshi la Marekani lilianza kujenga ngome hapo mwaka 1853, dhahabu ya California ilipoufanya mji kuwa na mali ya kulindwa. Mizinga ilifika zaidi ya 100, na haikupigana vita hata kimoja. Ngome ikageuka gereza la jeshi, na wafungwa wake ndio waliojenga jengo kubwa la seli, likakamilika 1912. Mwaka 1934 wakaanza kuletwa raia, akiwemo Al Capone, jambazi maarufu wa Chicago.

Maji yaliletwa kwa tishari, karibu galoni milioni 1 kila wiki. Ili kuyabania, vyoo vilimwagiwa maji ya bahari, na hapo ndipo balaa lilipoanzia. Chumvi ilikula mabomba, yakavuja kutani; nje, upepo wa bahari ulikuwa ukifanya kazi hiyohiyo. Chumvi ikifikia nondo, nondo hushika kutu, kutu huvimba, zege hupasuka na kumeguka vipandevipande. Fundi yeyote wa ufukweni anaujua ugonjwa huu. Akina Morris walichimba zege hilohilo lililochoka, kuzunguka matundu ya hewa nyuma ya seli, kwa vijiko na keekee iliyoundwa kwa mota ya mashine ya kufyonza vumbi. Vitandani waliacha vichwa bandia vyenye nywele za watu. Boti yao ilishonwa kwa makoti ya mvua zaidi ya 50.

Mwaka 1959 mfungwa mmoja wa Alcatraz aligharimu dola 10.10 kwa siku, wa gereza la Atlanta dola 3 tu. Matengenezo pekee yalikadiriwa kufikia dola milioni 3 hadi 5. Wafungwa wa mwisho waliondoka tarehe 21 Machi 1963.

Wenyeji asilia wa Marekani walikikalia kisiwa kuanzia 1969 hadi 1971 wakidai ardhi yao. Watalii walifunguliwa mlango 1973, na sasa kwa mwaka wanapita milioni moja. Kivuko huondokea Gati 33. Kata tiketi mapema, hasa ya kiangazi, na ule kabla ya kupanda kilimani: chakula huruhusiwa gatini tu.