Farasi Mmoja, Madaftari Mawili

Mwaka wa kwanza niliompeleka farasi wangu Nairobi kuruka viunzi, nilirudi Mombasa nikakaa barazani na bahasha ya risiti. Nikajumlisha ada ya kushiriki, lori, banda la kulala na posho ya saisi, yaani mtunza farasi. Nikapata jumla, nikairidhia. Siku mbili baadaye mwenye bauza la maji akaja kudai pesa zake, nikagundua kwamba maji hayakuwamo. Nyasi alizokula njiani hazikuwamo. Hata zile siku ambazo farasi hakukanyaga ufuko kubeba wageni, siku ambazo angeniingizia pesa, sikuwa nimeziandika popote. Nami ni mhasibu kwa taaluma, vitabu vya watu vyapita mikononi mwangu kila siku!

Wahenga walisema mpanda farasi wawili hupasuka msamba. Mimi ninaye mmoja, lakini ana kazi mbili: msimu wa wageni anawabeba kwenye ufuko wa Bamburi, na mara mbili tatu kwa mwaka anapanda bara kushindana. Msamba wangu ulipasukia kwenye daftari, kwa kuchanganya kazi hizo mbili. Sasa naweka madaftari mawili. La kwanza ni la kuishi: kila anachohitaji hata kama hatashindana maishani mwake. La pili ni la mashindano peke yake.

Daftari la kuishi huanza na nyasi, na nyasi huhesabiwa kwa kilo. Farasi hula kila siku karibu asilimia mbili ya uzito wake. Wangu ana kilo 400, kwa hiyo ni kilo 8 za nyasi kavu kwa siku, na kwa mwaka ni kilo 2,920. Robota, yaani furushi la nyasi lililofungwa, likiwa na kilo 15, hayo ni marobota 195. Sasa ongeza ya Pwani: unyevu wetu unaotesha ukungu kwenye nyasi, na robota lenye ukungu halipewi farasi, linatupwa. Mimi huongeza sehemu moja ya kumi, nafika marobota 215. Tuseme robota ni shilingi 350: ni shilingi 75,250 kwa mwaka kabla ya pumba, molasi na chumvi. Weka bei ya muuzaji wako. Na tafadhali lipime robota kwa mizani, kwa sababu "robota" ni neno la imani. Mengine niliyoletewa yalikuwa na kilo 11.

Maji ndiyo yaliyonishinda kuliko yote. Siku ya kawaida farasi hunywa lita 25 hadi 40, yaani mtungi mmoja wa lita 20 na zaidi, hadi miwili. Joto la kaskazi likipanda, kuanzia Desemba hadi Machi, na akiwa amefanya kazi, anaongeza wa tatu. Kisha kuna kuoga, maana farasi aliyeingia baharini lazima asuuzwe chumvi, la sivyo ngozi inawasha chini ya matandiko. Kisima chetu ni cha maji ya chumvi, kwa hiyo yote hayo yananunuliwa. Jasho nalo lina gharama yake. Analolitoa lazima lirudishwe kwa chumvi, vijiko viwili vya mezani kwa siku au zaidi akifanya kazi. Baadhi ya farasi wanaoletwa kwenye joto na unyevu kama huu hufika mahali wakaacha kabisa kutoka jasho. Huyo si wa kufanyishwa kazi mchana: atahitaji kivuli, feni na kumwagiwa maji, na mapato yake ya msimu unayafuta.

Kwa sababu hiyo bajeti yangu haigawanywi kwa miezi kumi na miwili sawasawa. Kaskazi pesa zinaingia na maji yanazila. Masika yakianza ufuko unabaki mtupu, lakini saisi wetu, mzee aliyeanza kazi hii kabla sijazaliwa, ananikumbusha kila mwaka: "Mwanangu, farasi hajui wageni wameondoka." Mvua pia huleta usubi, wadudu wadogo wanaoeneza ugonjwa wa farasi wa Afrika, ambao huua haraka. Chanjo yake hutolewa kila mwaka, nami naiandika katika kaskazi, pesa zikiwapo, si baada ya mvua kuanza. Jioni farasi analazwa ndani kwa sababu usubi huuma tangu jua linapotua hadi alfajiri, kwa hiyo wavu wa dirishani nao umo daftarini.

Mchanga wetu pia ni gharama. Farasi anayeokota nyasi chini anameza mchanga, ukijikusanya tumboni unamletea msokoto, na daktari wa mifugo akiitwa usiku wa manane ankara yake haina utani. Nilinunua mikeka ya mpira ya kulishia, ndiyo bima yangu ya bei nafuu. Wengi humwongezea chakulani isabgoli, yaani maganda ya mbegu, ile ile inayouzwa katika maduka ya Wahindi kwa tumbo la binadamu.

Kwato, kila wiki 6 hadi 8. Meno, mara moja kwa mwaka. Dawa ya minyoo baada ya kupima kinyesi, si kwa mazoea. Hayo hayana hadithi.

Daftari la mashindano ni jembamba lakini lina ulimi mrefu. Barabara ya Nairobi ni takriban kilomita 480, tena ya kupanda: unatoka usawa wa bahari kwenda zaidi ya mita 1,600. Kuna kibali cha kusafirisha mnyama, lori la kwenda na kurudi (na ukikosa mtu wa kushirikiana naye, unalipia nafasi tupu), kusimama Voi na Mtito Andei kumnywesha, siku za kumzoesha hewa ya bara, chakula cha saisi. Kisha mstari nilioukosa mwaka ule: siku ambazo hakufanya kazi, nikizizidisha kwa wastani wa mapato yake ya siku. Mstari huo huzidi ada ya kushiriki karibu kila mara. Ndiyo maana siendi tena katikati ya Desemba, hata nikialikwa kwa heshima gani.

Kwa kufuatilia, sitaki programu ya kifahari. Nina laini ya simu ya farasi peke yake. Nyasi, maji, saisi, vyote hulipwa kwa M-Pesa kutoka laini hiyo, na Jumapili usiku nasoma ujumbe mmoja mmoja na kuandika kila malipo katika daftari lake. Taslimu siitaki kabisa: shilingi mia mbili za boda boda ya kufuata dawa ndizo zinazopotea.

Jumapili iliyopita nilikwama kwenye tandiko. Unyevu umelila, linahitaji kushonwa upya, na linatumika ufukoni na mashindanoni. Nikahesabu saa: ufukoni ni nyingi mno, kwa hiyo sehemu tisa kwa kumi ya bei ya fundi imeingia katika daftari la kuishi, na moja katika lile lingine.