"Nikistaafu Ndo Ntaanza" na Maneno Mengine Niliyochoka Kuyasikia

Alkhamisi iliyopita nimeyasikia tena, safari hii kwa mhasibu wa Chake Chake aliyevuka kuja Unguja kwa semina ya afisi yao. Akachomoka wakati wa mapumziko kuja kuniona. "Mama, mie nataka kuyakusanya maneno ya vyombo vya zamani," akanambia. "Jahazi, mashua, ngalawa, kila ubao na kila kamba, kabla hayajapotea. Ila nikistaafu ndo ntaanza, nikishakamata kiinua mgongo."

Ana miaka 43. Nikamuuliza nani atakayemtajia maneno hayo baada ya miaka 17. Akainamia chai yake.

Nimekaa meza ya utumishi miaka mingi kabla ya kuanza kuwashauri wafanyakazi wenye jambo lao la moyoni pembeni ya ajira. Katika dhana zote ninazoletewa, hii ya kustaafu ndiyo inayonipandisha presha, maana anayeisema hujiona ana subira na mipango.

Kwanza, kiinua mgongo huwa kishapata wenyewe kabla hakijatoka. Kuna paa linalovuja, kuna deni, kuna harusi ya mtoto wa mwisho, kuna nia ya hija. Na asubuhi za mstaafu zina wenyewe pia. Yeye ndiye anayesindikiza wagonjwa hospitali, yeye ndiye anayesimama na fundi wa choo, yeye ndiye anayepeleka wajukuu skuli. Akilalamika anaambiwa, "Si upo tu?" Wastaafu niliowahudumia wengi wamenambia jambo moja: walikuwa na nafasi zaidi walipokuwa kazini, kwa sababu kazi ilikuwa inawakinga na watu.

Pili, na hapa ndipo ninapogombana na watu, jambo lenyewe nalo lina umri wake. Tuchukue hilo la vyombo. Mkuku, foromali, omo na tezi utayapata kwenye kamusi ukiwa umekaa kitandani. Lakini fundi wa Nungwi anajuaje kwamba kalafati imeshiba, kwamba pamba yenye mafuta imeingia vya kutosha baina ya ubao na ubao? Hilo liko mkononi na sikioni mwake. Au neno demani: ni kamba ya tanga, na pia ni jina la majira. Kwa nini kamba na majira vishirikiane jina? Muulize mzee mmoja utapata jibu, muulize wa pili atakupa jingine kwa kiapo, na huo mvutano wao ndio mali unayoitafuta. Nahodha mwenye miaka 75 leo, siku utakapopewa barua yako ya kustaafu atakuwa na 92, Mungu akipenda. Afisi itakungojea mpaka ufike 60. Nahodha hajaahidi.

"Sina muda" ni mtoto wa dhana hiyohiyo. Unaanza na "baada ya Ramadhani", unakuja "baada ya karafuu", mara mwaka umekwisha. Hebu tupige hesabu. Serikalini watu wanatoka saa tisa na nusu. Chukua alasiri mbili za wiki, saa moja kila siku. Toa Ramadhani nzima, toa na wiki mbili za misiba na harusi. Zinabaki saa 92 kwa mwaka. Kwa miaka 17 ya mhasibu wangu, hizo ni zaidi ya saa 1,500. Tena sijagusa ule muda wa maskani na simu, ambao nikiutaja watu hununa.

Waangalie akina mama wa Paje na Jambiani. Mwani umeanza kulimwa kibiashara hapa Zanzibar mwaka 1989, na mpaka leo wakulima wake wengi ni wanawake wenye watoto, jungu na shamba. Wanafuata bamvua, siku ambazo maji hupwa mbali. Bahari haiwasubiri wamalize kupika. Wao ndio wanaopanga kupika kwa kufuata bahari. Nikimwambia mtu achague bamvua lake, Jumatatu na Jumatano baada ya sala ya alasiri, basi, na akalihifadhi kama wao, ananitazama kama nimemwambia apande mnazi kwa mdomo.

Upande wa pili wako wale wenye haraka, wanaotaka kuandika barua ya kuacha kazi kesho kwa sababu "huwezi kushika mawili". Abdulrazak Gurnah, mwana wa Unguja, amekuwa mwalimu wa Chuo Kikuu cha Kent kule Uingereza huku anaandika. Riwaya yake ya kwanza imetoka 1987. Nobel ya 2021 ndiyo iliyomkuta keshastaafu, vitabu havikungoja. Na Nadi Ikhwan Safaa, kikundi cha taarab kilichoanzishwa 1905, kimejengwa na watu wenye kazi zao mchana, jioni wakakutana na fidla na kanuni. Mshahara ndio unaokuruhusu kulifanya jambo lako vibaya mwaka mzima bila ya kulala na njaa. Ila printa ya afisi iache, gari ya afisi iache, na kama jambo lako linagusa shughuli za mwajiri, omba ruhusa kwa maandishi.

"Wataniibia wazo langu." Wazo halina mwenyewe, bwana. Sheria ya Hakimiliki ya Zanzibar, Namba 14 ya 2003, iliyoleta COSOZA, chombo cha hakimiliki cha Zanzibar, inalinda kazi iliyokwisha kutungwa, si ndoto uliyoificha chini ya mto wa kulalia. Andika, rekodi, chora, ndipo upate cha kulindwa. Anayeogopa husda asome dua zake asubuhi na jioni, kisha atoke akaulize watu, kwa sababu hakuna mzee atakayekutajia kamba usiyomuuliza.

"Sina vifaa." Una simu. Nunua na daftari la skuli, na kila ukirekodi andika nani, wapi, tarehe gani, na kama mwenyewe karidhia. Sauti weka nakala mahali pa pili siku hiyohiyo. Daftari nalisisitiza mpaka watu wananicheka, lakini sijaona daftari lililoisha chaji.

"Halileti pesa, kwa hiyo ni upuuzi." Sina la kumjibu mtu huyu. Kwani mchezo wa karata barazani unamlipa kiasi gani?

Mhasibu nilimwambia boti yake ni Jumamosi, kwa hiyo Ijumaa alasiri ana nafasi: ateremke Malindi yanakofunga majahazi, aulize neno moja tu, asiulize la pili. Akaniaga kwa adabu, na uso wa mtu ambaye hatokwenda.

Jumamosi usiku kaniletea sauti ya dakika nne. Upepo mwingi, kuku anapita, mzee mmoja anaeleza demani taratibu kama anayefundisha mtoto. Kabla hajamaliza anakatizwa na mwengine kutoka nyuma: "Si hivyo! Wewe hujasafiri, wewe ulikuwa mpishi!"

Chini yake kaandika: "Mama, wamenambia nirudi."