Kurudi kwa mtawala aliyekimbia: haki, kinga na faili la mashtaka

Dikteta wa zamani aliye uhamishoni ni mtu aliyeitawala nchi kwa mabavu, akapinduliwa au akakimbia, na sasa anaishi ugenini kwa hisani ya serikali iliyompokea. Swali la kama arudi kwao huibuka anapozeeka, anapougua, au wananchi wanapoanza kuichoka serikali iliyomng'oa. Wengi hulijibu kwa hisia: mzee arudi akafie kwao, au asikanyage tena. Kisheria swali hilo ni maswali kadhaa yaliyofungwa pamoja, na lazima yafunguliwe moja moja.

Kwa watu wa kanda ya ziwa jambo hili limewahi kugharimu damu. Milton Obote alipinduliwa tarehe 25 Januari 1971 akiwa Singapore kwenye mkutano wa Jumuiya ya Madola, akapokewa Tanzania. Septemba 1972 wapiganaji wake walivuka mpaka kuingia Uganda ili kumrudisha madarakani. Walishindwa, na Idi Amin akajibu kwa kutuma ndege zikapiga mabomu Bukoba na Mwanza. Ulihitajika mkataba wa Mogadishu wa Oktoba mwaka ule, chini ya usuluhishi wa Siad Barre, mtawala wa Somalia (ambaye naye alikuja kufia uhamishoni Lagos mwaka 1995), kuutuliza mpaka. Machi 1979 zamu ikawa ya Amin. Katika wiki za mwisho za vita vya Kagera, Libya ilituma ndege ya Tupolev Tu-22 kuupiga mji wa Mwanza ili kumwokoa. Makombora yaliukosa mji yakaangukia Kisiwa cha Saanane, yakaua wanyama wa hifadhi na kumjeruhi mfanyakazi mmoja. Tarehe 11 Aprili Kampala ikaanguka. Amin akakimbilia Libya, na mwishowe akatua Jeddah, Saudi Arabia.

Haki ya kurudi

Haki ya mtu kuingia nchini mwake ni ya kila raia, mwema kwa mwovu. Ibara ya 12 ya Mkataba wa Kimataifa wa Haki za Kiraia na Kisiasa inasema mtu asinyimwe kiholela haki ya kuingia katika nchi yake. Ibara ya 12 ya Mkataba wa Afrika wa Haki za Binadamu na Watu inampa kila mtu haki ya kutoka nchini mwake na kurudi, ila inaruhusu sheria kuweka mipaka kwa ajili ya usalama wa taifa, utulivu, afya ya umma au maadili.

Neno lenye uzito hapo ni "kiholela". Serikali ikimzuia raia wake mlangoni lazima iwe na sheria inayoitaja na sababu inayoweza kuieleza mbele ya mahakama. Ufilipino ilipitia njia hiyo. Ferdinand Marcos alikimbilia Hawaii Februari 1986, na alipotaka kurudi, serikali ya Corazon Aquino ilikataa. Tarehe 15 Septemba 1989 Mahakama ya Juu ya nchi hiyo iliunga mkono katazo hilo kwa kura 8 dhidi ya 7. Majaji karibu nusu waliona raia hawezi kufungiwa nje, na waliobaki wakaona Rais ana mamlaka ya kulinda usalama wa nchi iliyokuwa ikiandamwa na majaribio ya mapinduzi. Marcos alifariki Hawaii tarehe 28 mwezi uleule.

Kinga ni jambo jingine

Kosa linalofanywa sana katika mabishano ni kudhani kwamba ukimruhusu mtu kurudi umemsamehe. Haki ya kurudi inaishia kwenye dirisha la uhamiaji. Akishagongewa muhuri, polisi wanaweza kuwa wamesimama hatua tatu mbele na hati ya kumkamata, na hakuna haki yoyote iliyovunjwa.

Kinga, yaani ulinzi wa kutoshtakiwa, nayo ina sehemu mbili. Ya kwanza inamlinda mkuu wa nchi aliye madarakani kwa sababu ya kiti alichokalia, nayo huisha siku anapoondoka. Ya pili inayalinda matendo aliyoyafanya kwa niaba ya serikali, na ndiyo mawakili wa madikteta huing'ang'ania. Machi 1999, katika shauri la Augusto Pinochet, mtawala wa zamani wa Chile, majaji wa Bunge la Malodi la Uingereza waliamua kwamba kinga hiyo ya pili haifuniki mateso yaliyofanywa baada ya nchi zinazohusika kujifunga na Mkataba wa mwaka 1984 wa Kupinga Mateso. Kwa hiyo swali la kwanza la kumuuliza wakili ni tarehe: tendo lilifanyika lini, na siku hiyo mkataba gani ulikuwa ukifanya kazi? Ndiyo sababu Mahakama ya Kimataifa ya Jinai, ICC, haiwezi kugusa lolote lililotendwa kabla ya 1 Julai 2002. Kwa mambo ya Amin mlango huo ulikuwa umefungwa tangu mwanzo.

Kuna pia msamaha wa kutungiwa sheria, na ahadi ya mdomo ya rais aliyepo. Ahadi ya mdomo ni hatari kwa pande zote. Blaise Compaoré, rais wa zamani wa Burkina Faso, alihukumiwa kifungo cha maisha bila kuwepo mahakamani Aprili 2022, kwa mauaji ya mtangulizi wake, Thomas Sankara. Miezi mitatu baadaye alitua Ouagadougou kwa mwaliko wa kiongozi wa kijeshi wa wakati huo, akakaa siku chache, akarudi Côte d'Ivoire bila kuguswa. Hukumu ilikuwa halali na mhukumiwa alikuwa mjini. Jambo kama hilo huumiza mahakama kuliko kutokuwa na hukumu kabisa, kwa sababu kila askari na kila karani amejionea kwamba karatasi ya jaji haina nguvu.

Kwa nini kwetu kurudi kuna uzito zaidi

Nchi zilizorithi sheria za Kifaransa zinaweza kumhukumu mtu ambaye hayupo, kisha akikamatwa kesi huanza upya. Jean-Bédel Bokassa wa Jamhuri ya Afrika ya Kati alipinduliwa Septemba 1979 na kuhukumiwa kifo Desemba 1980 akiwa nje. Oktoba 1986 alirudi kwa hiari yake, akakamatwa papo hapo. Kesi ikasikilizwa upya yeye akiwa kizimbani, na Juni 1987 akahukumiwa kifo tena. Adhabu ilibadilishwa kuwa kifungo mwaka 1988, na Septemba 1993 akaachiwa huru. Ethiopia nayo ilimtia hatiani Mengistu Haile Mariam kwa mauaji ya kimbari Desemba 2006, naye akiwa Zimbabwe alikokimbilia tangu Mei 1991.

Tanzania, Kenya na Uganda zilirithi mfumo wa Kiingereza, ambao kwa kawaida unataka mshtakiwa wa jinai awepo, asomewe shtaka, ajibu, awahoji mashahidi. Kwa hiyo kwa nchi za ukanda huu mtawala asiporudi, kwa hiari au kwa kuletwa, hakuna kesi. Faida yetu ni moja: kosa la kuua kwa kukusudia halina ukomo wa muda wa kushtakiwa. Mtu anaweza kurudi baada ya miaka 30 na shtaka likamkuta.

Haiti ilikosa faida hiyo. Jean-Claude Duvalier alikimbilia Ufaransa tarehe 7 Februari 1986 na akajitokeza Port-au-Prince ghafla tarehe 16 Januari 2011. Wengi waliunganisha safari hiyo na fedha zake zilizozuiwa Uswisi, maana sheria mpya ya kuzitaifisha ilikuwa inaanza kutumika Februari 1. Alipotua, serikali haikuwa na faili lililokamilika. Waendesha mashtaka walianza kutafuta walalamikaji wakati mshtakiwa anakula kwenye hoteli za mjini. Januari 2012 jaji mpelelezi aliamua kwamba makosa ya mateso na mauaji yamepitwa na wakati, ashtakiwe kwa wizi wa mali ya umma tu. Mahakama ya rufaa ilikuja kuubatilisha uamuzi huo Februari 2014, lakini Oktoba mwaka huohuo Duvalier alifariki kwa maradhi ya moyo. Waliofungwa katika magereza yake hawakupata hukumu.

Linganisha na Hissène Habré wa Chad. Alikimbilia Senegal Desemba 1990. Mwaka 2001 watafiti wa haki za binadamu waliyakuta mjini N'Djamena makaratasi ya polisi wake wa siri, maelfu kwa maelfu, yametupwa sakafuni. Ndani yake mlikuwa na majina ya watu 1,208 waliokufa mahabusu na jumla ya wahanga 12,321. Wajane na wafungwa wa zamani walikuwa wameshaanza kukusanya ushahidi miaka kumi kabla. Julai 2012 Mahakama ya Kimataifa ya Haki ilisema Senegal ina wajibu wa kumshtaki au kumkabidhi kwa nchi itakayomshtaki. Umoja wa Afrika na Senegal wakaunda mahakama maalumu Dakar, na Mei 2016 Habré akahukumiwa kifungo cha maisha. Hakurudi Chad hata siku moja. Tofauti kati ya Port-au-Prince na Dakar ilikuwa faili.

Hapo ndipo msimamo wa makala haya ulipo. Mtawala aliyekimbia arudi, na arudi kujibu. Lakini asipokelewe kabla faili halijawa tayari, maana atakayetua bila shtaka atakuwa ameshinda kwa kutua tu. Kuwa tayari maana yake ni kwamba hati ya kukamatwa imeshasainiwa na jaji, maelezo ya mashahidi wazee yamechukuliwa kwa kiapo wangali hai, nyaraka za usalama zimehamishiwa mahali ambapo waziri mmoja hawezi kuzichoma, na wakili wa utetezi ameshaandaliwa ili kesi isianguke kwa kasoro ya utaratibu. Mashahidi wapewe ulinzi kabla ya majina yao kutajwa. Kuwalinda baadaye ni kuchelewa.

Ugonjwa na uzee

Ombi la kurudi mara nyingi huja na cheti cha daktari. Julai 2003 Amin alikuwa mahututi hospitalini Jeddah na familia yake iliomba arudishwe Uganda. Rais Museveni alijibu kwamba akiletwa atajibu kwa makosa yake. Hakuletwa. Alifariki tarehe 16 Agosti na kuzikwa hukohuko, bila kusimama kizimbani hata mara moja. Alikuwa amejaribu kurudi Januari 1989 akapitia Kinshasa, akatambuliwa, Zaire ikamfukuza.

Jibu lile lilikuwa sahihi kisheria, ila lilichelewa. Mtu aliye mahututi hawezi kushtakiwa, kwa sababu mshtakiwa lazima aelewe shtaka na aweze kumwelekeza wakili wake. Ndiyo maana hali ya afya ipimwe na jopo la madaktari walioteuliwa na mahakama, si daktari wa familia. Uingereza ilimwachia Pinochet Machi 2000 kwa sababu za afya. Alipofika uwanja wa ndege wa Santiago aliinuka kutoka kiti cha magurudumu akasalimiana na majenerali wake.

Maiti ni suala tofauti. Marehemu hashtakiwi, na kuzikwa nyumbani ni haki ya familia zaidi ya kuwa tuzo yake. Kinachouma ni heshima za taifa. Obote, aliyerudi Uganda Mei 1980, akatangazwa mshindi wa uchaguzi wa Desemba na kupinduliwa tena Julai 1985, alifariki Johannesburg Oktoba 2005 na kupewa mazishi ya kitaifa, ilhali familia za Luwero, eneo walikouawa raia wengi katika vita vya utawala wake wa pili, zilikuwa bado na mafuvu ya ndugu zao. Mwili wa Marcos ulirudi mwaka 1993 ukakaa mkoani kwao, na Novemba 2016 ukazikwa makaburi ya mashujaa. Miaka sita baadaye mwanawe akawa rais. Mazishi ya kijijini, bila bendera na bila mizinga, yanatosha.

Wajibu wa nchi jirani

Inayompokea mtawala aliyekimbia inabeba mzigo ambao haiwezi kuuficha. Mkataba wa Umoja wa Nchi Huru za Afrika wa mwaka 1969 kuhusu wakimbizi unawanyima hadhi ya ukimbizi watu wanaotuhumiwa kwa sababu za msingi kuwa wametenda uhalifu dhidi ya ubinadamu. Unamkataza mkimbizi kufanya hujuma dhidi ya nchi mwanachama. Na unataka wakimbizi wawekwe, kadiri inavyowezekana, mbali na mpaka wa nchi waliyotoka.

Kwa mji wa ziwani kipengele hicho cha mwisho kina maana ya wazi. Ziwa ndilo mpaka, na boti inayotoka Mwanza usiku na dagaa inaweza kutoka na silaha. Serikali ikimweka kiongozi mgeni na wafuasi wake kando ya ziwa, watu wa Kirumba na Kamanga ndio watakaoishi na matokeo, kama walivyoishi nayo Septemba 1972. Awekwe mbali, asipewe kambi ya mazoezi wala kituo cha redio, na wavuvi wajue ofisi ya kupeleka taarifa wanapoona mizigo isiyo ya kawaida mwaloni.