Moyo umetanuka: mazoezi ya nyumbani au ya hospitali?

Dhana: Mwenye moyo uliotanuka atulie tu, ajifunike blanketi.

Ushauri huu Mbeya utausikia sana, hasa Juni na Julai baridi inapouma, na hutolewa kwa upendo. Lakini misuli isiyotumika hulegea, na mgonjwa anayehema akienda chooni huenda miguu inamwangusha sawa na moyo. Utafiti wa HF-ACTION wa mwaka 2009, uliohusisha wagonjwa 2,331 wa Marekani, Kanada na Ufaransa ambao moyo wao hausukumi damu vizuri, ulionyesha kuwa mazoezi ni salama kwa wale ambao hali yao imetulia.

Dhana: Bila msimamizi, unajidanganya.

Utafiti huohuo ulianza na vipindi 36 vya kusimamiwa, kisha watu wakaendelea nyumbani. Uingereza nako, mpango wa REACH-HF uliwafanyisha wagonjwa mazoezi majumbani, mtaalamu akiwafuatilia, na hali yao ya maisha ikaboreka. Kwa mtu wa Chunya au Makete, nauli ya kwenda kliniki mara tatu kwa wiki peke yake inatosha kumkatisha tamaa. Msimamizi ana nafasi yake, tena kubwa: wiki za mwanzo, kwa mwenye mapigo yasiyo na mpangilio, na kwa mwenye hofu.

Dhana: Nyumbani, kila mtu ajipangie.

Hapa ndipo watu huumia. Daktari akupime kwanza. Anza na dakika 5 hadi 10 za kutembea, uongeze taratibu. Usitegemee kuhesabu mapigo, maana dawa za moyo kama bisoprololi na karvediloli huyapunguza. Jipime kwa mdomo: uweze kuongea, ila kuimba kukushinde.

Halafu kuna milima yetu. Mbeya iko mita 1,700 hivi juu ya usawa wa bahari, na mitaa mingi imelala kwenye mteremko. Mgonjwa hutoka nyumbani akishuka, anajisikia kijana, kumbe njia ya kurudi ni ya kupanda na pumzi imeshapungua. Bora uzunguke uwanja wa shule, au nenda na mtu mwenye simu na hela ya bajaji.

Kifua kikibana, kizunguzungu kikija, simama. Uzito ukipanda kilo 2 ndani ya siku 3, au miguu ikivimba, acha mazoezi urudi kliniki.

Dhana: Ninalima, inatosha.

Jembe la mkono halina gia ya kupunguza nguvu pumzi ikikata. Muulize daktari kabla ya msimu.